Kibao Namba Tatu

Hebu nikuulize: mama aliyekugombeza tangu hujaota meno, siku moja akianza kukuitikia kwa upole, utamshukuru Mungu au utatafuta mlango?

Msomi alishukuru. Siku mbili nzima alishukuru, mjinga wa watu, mpaka siku ya tatu alipogundua kwamba taulo la mama yake halikauki.

Msomi si jina lake. Ni kejeli aliyobandikwa kazini ikamganda. Alikuwa na digrii ya sayansi ya maji, first class, ndani ya fremu ya plastiki juu ya kabati la vyombo, pale moshi wa jiko unapoishia. Miaka minne alisomea jinsi maji yanavyokwenda. Miaka miwili iliyofuata alituma barua za kuomba kazi mpaka karani wa posta akaanza kumwita shemeji. Mwisho wa yote akapata kazi ya kuhesabu watu wanaoingia majini. Mkataba wa miezi mitatu mitatu. Ukikohoa vibaya, hawa-renew. "Experience, dada," Meneja alimwambia siku ya kwanza. "Usidharau experience." Kama vile experience inatiwa sukari ikanywewa.

Kisiwa chao kimesimama wima. Hakuna mahali utaweka meza bila kutia kigingi chini ya mguu mmoja. Milima imejipanga na mawingu kichwani kama watu waliotoka kuoga, na chini yake, mahali ambapo zamani za zamani moto wa mlima ulimwagikia baharini ukagandia hapohapo, mawe meusi yameacha mabakuli makubwa. Bahari huyajaza, bahari huyatoa. Hayo ndiyo mabwawa ambayo watu wanapanda ndege kuja kuyaona. Ngazi ni mia tatu na kitu, zimechongwa kwenye mwamba. Wageni hushuka wakicheka, hupanda kimya.

Mabwawa ni matatu. La watoto, la kati, na la mwisho, ambalo wafanyakazi wote huliita Koo, kwa sababu ukutani mwake upande wa bahari kuna pango jembamba, refu kama vyumba viwili, na bahari huingia na kutoka humo ikikoroma. Mara mbili kwa mwezi, siku za bamvua, maji hupwa mpaka Koo linabaki tupu. Hapo hushushwa mlango mzito wa mbao upande wa nje ili bahari isirudi kabla ya wakati, na msafishaji huingia ndani kwa kuinama, na brashi yake, kukwangua utelezi wa kijani. Akimaliza hutoka, mtu huzungusha gurudumu la chuma pale ukingoni, mlango unapanda, bahari inarudi nyumbani kwake.

Msafishaji alikuwa mama yake Msomi.

Sasa sikiliza vizuri kuhusu ubao, maana hadithi yote imening'inia pale. Langoni kuna ubao wenye misumari arobaini, na kila msumari una kibao cha shaba chenye namba. Unaingia majini, unachukua kibao chako. Unatoka, unakirudisha kwa mkono wako mwenyewe. Juu ya ubao kuna maandishi ya rangi nyeupe, ya zamani kuliko kampuni: HAJATUNDIKA, HAJATOKA. Gurudumu haliguswi mpaka misumari yote arobaini iwe imejaa. Mtu hamtundikii mwenzake, hata mume hamtundikii mke. Hii ndiyo ilikuwa kazi ya Msomi: kukaa kwenye kiti, kuangalia misumari. Namba tatu ilikuwa ya mama yake.

Mama huyo alikuwa na mdomo. Lo! Aliweza kumgombeza mtu toka asubuhi mpaka jioni bila kurudia neno. "Digrii yako ikusaidie kuosha sufuria." "Umevaa nini hicho, umejiandaa kuzikwa?" "Hebu simama hapa, shingo hiyo utadhani ya kuku aliyenyongwa." Na huku anagomba, mikono inamnyooshea binti yake kola ya shati, inamfunga kifungo, inamtoa uzi begani. Hakuwahi kugomba mikono mitupu. Goti lake la kulia lililia kila alipopanda ngazi, ko, ko, na Msomi alijua umbali wake kwa kulisikiliza goti.

Basi, Jumanne moja ya bamvua, saa nne na nusu asubuhi, Meneja alishuka ngazi mbio na tai shingoni, jasho linamwagika.

"Wameshafika juu! Wakurugenzi, wapiga picha, wote wako kwenye ngazi. Mbona bwawa tupu? Waje kupiga picha na mawe?"

"Mama bado yumo, bosi. Namba tatu haipo."

"Mama yako ametoka. Nimemwona mimi, anapanda kile kinjia cha mlimani. Amesahau kibao mfukoni. Si unawajua wazee wetu?"

"Ngoja nimwite kwanza."

"Umwite wapi, mlimani? Dada, listen. Mkataba wako unaisha lini?"

"Ijumaa."

"Basi."

Akafungua droo ya vibao vya akiba. Kampuni ilikuwa navyo vya namba zote, kwa sababu wageni huondoka na vibao wakavifanya mapambo ya friji. Akatafuta namba tatu, akamwekea Msomi kiganjani, akamfunga vidole kimoja kimoja kama anayempa mtoto peremende. "Tundika. Teamwork."

Msomi aliita. Mungu anajua aliita, mara moja, kwa sauti ya mtu asiyetaka kumuudhi bosi wake. Bahari ilikuwa inapiga kelele nje ya mlango. Hakusikia jibu. Akatundika. Meneja akalishika gurudumu mwenyewe, viatu vyake vinang'aa, akamwambia mpiga picha ampige akiwa anazungusha. Mlango ukapanda. Koo likakoroma. Maji yakaingia meupe, kisha yakawa ya buluu, mazuri kama kwenye kalenda, na wakurugenzi wakapiga makofi.

Mchana kutwa Msomi alitega sikio ngazini. Goti halikulia.

Jioni alikuta nyumba tupu. Akakaa kwenye kizingiti, anajiambia kwamba akihesabu mpaka mia mama atatokea. Alipofika tisini na kitu mlango wa uani ukafunguka, na mama yake akaingia, amelowa kutoka nywele hadi pindo la gauni, peku.

"Mama! Umechelewa!"

"Ndiyo, mwanangu."

"Nimekuita leo asubuhi hukuitika!"

"Nilisikia," mama akasema, na akatabasamu, akapita kwenda kukaa kwenye kiti chake.

Msomi akalia kwa furaha. Alimletea taulo, akamletea chai, akamwomba msamaha kwa mambo ambayo hakuyataja, na kwa kila moja mama akajibu, "Sawa, mwanangu." Sawa. Sawa. Hakuna tusi hata moja. Kesho yake langoni Msomi alipomwambia Meneja kwamba mama yuko nyumbani, Meneja alicheka mpaka kitambi kikatikisika. "Si nilikwambia ametoka? Wewe na wasiwasi wako." Ijumaa mkataba uka-renew. Miezi mitatu.

Na taulo halikukauka.

Alilianika juani, juu ya kamba, saa sita za mchana, jua la kuchoma mgongo. Nguo nyingine zilikauka zikawa ngumu kama kadibodi. Taulo liliendelea kudondosha tone moja moja, na Msomi alipolinusa lilinuka jiwe, ule ubaridi wa ndani ya Koo ambao haujawahi kuona jua. Gauni la mama halikukauka. Mama alikula, ndiyo, alipeleka kijiko mdomoni, lakini koo lake halikupanda wala kushuka, na sahani ilipoondolewa chakula kilikuwa palepale kikiwa kimelowa. Kazini hakwenda tena. "Goti," alisema. Lakini alikuwa akipita toka chumbani hadi uani, anapanda zile ngazi tatu za mlangoni, anashuka, na goti halikutoa hata ko moja.

Majirani walifurahi. Walimwona bombani, wakamsalimia, akaitikia. "Mama yako siku hizi amepoa jamani," jirani wa mkono wa kushoto alimwambia Msomi. "Umempa dawa gani? Nami nimpe mama mkwe." Wakacheka wote wawili, na Msomi alicheka kwa sababu mtu akicheka mbele yako utafanyaje.

Siku ya sita aliona unyevu ukutani, nyuma ya kiti cha mama. Nyumba zao zote zina unyevu, si jambo la kutisha. Lakini asubuhi ulikuwa umefika usawa wa paja na adhuhuri ulikuwa umeshuka hadi kwenye kifundo cha mguu. Msomi akachukua penseli. Akaweka alama ndogo ukutani na kuandika saa pembeni. Akaweka nyingine, na nyingine, siku mbili mfululizo, kisha akalitoa jedwali la maji kujaa na kupwa lililokuwa chini ya godoro pamoja na vyeti vyake, akaketi sakafuni akalinganisha. Digrii ilifanya kazi kwa mara ya kwanza tangu apewe. Ule unyevu ulikuwa unajaa na kupwa pamoja na bahari, dakika kwa dakika.

Na alipoinua macho toka kwenye karatasi, mvua ya alasiri ikiwa inalipiga bati na nyumba imekuwa na kiza cha mvua ingawa jua lilikuwa halijachwa, alimwona mama yake ameketi kwenye kiti, miguu ndani ya beseni ambalo hakuna aliyelijaza, macho wazi yanamtazama kwa huruma, na kila alipovuta pumzi maji ya beseni yalishuka mpaka kucha zikaonekana, na kila alipoitoa yalipanda mpaka yakamwagika ukingoni, taratibu, bila haraka, na pumzi yenyewe haikuwa pumzi ya mwanamke mwenye miaka hamsini na nane bali ule mkoromo anaoujua kila mfanyakazi wa mabwawa, mkoromo wa bahari ikiingia mahali pembamba ikatoka, na katikati ya mkoromo huo, kwa mbali sana, kama inayotoka nyuma ya ukuta wa jirani, aliisikia sauti nyingine, kavu, ya kukwangua, kwa, kwa, kwa, sauti ya brashi juu ya jiwe, ya mtu ambaye bado yuko kazini.

"Usiogope, mwanangu," kile kilichokaa kitini kikasema.

Msomi alikimbia bila viatu.

Mama Ndara alikuwa na kibanda juu ya ngazi, anauza ndara za kuogelea na kuzishona zilizokatika. Pia alikuwa anasomea watu waliovamiwa na pepo, ingawa bango lake liliandikwa ndara tu. Hakuwa na mambo ya ngoma wala kioo. Mtu akija anatetemeka, swali lake la kwanza lilikuwa, "Hospitali umekwenda?" na wengi aliwarudisha huko. Alimsikiliza Msomi mpaka mwisho huku sindano ikiwa inatembea kwenye mkanda wa ndara. Kisha akainama chini ya meza akatoa mfuko, na ndani ya mfuko kulikuwa na ndara za kijani, ya kushoto imefungwa waya mwekundu.

"Hizi nilimshonea mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Nimezikuta chini ya benchi la langoni. Mtu kwenda mlimani peku, kwenye mawe yale? Siku ile mnapiga picha, zilikuwa wapi?"

Msomi aliziangalia zile ndara, akageuza macho pembeni.

"Nakuuliza wewe, binti."

"Zilikuwa... mbele ya ubao."

"Na zilifikaje chini ya benchi?"

"Nilizisukuma." Machozi yalianza kumtoka bila uso kubadilika. "Kwa mguu. Zilikuwa zinaharibu picha."

Mama Ndara akaweka sindano chini. Hakumkumbatia, hakumlaani. Alikaa tu anatazama bahari kule chini, ilivyokuwa tulivu baada ya mvua, watu wanaelea migongo chini, matumbo juu.

"Humo mawe yana wenyewe," akasema mwishoni. "Walikuwepo kabla ya kampuni, kabla ya hizo ngazi. Si wabaya, si wazuri. Wanajua kitu kimoja, hesabu. Ubao ukisema wametoka arobaini, wanatoka arobaini. Mlipotundika kibao cha uongo mama yako akiwa ndani, mmoja wao alitoka kujaza idadi. Huyo ndiye anayekuita mwanangu."

"Na mama?"

"Hajatundika," Mama Ndara alisema. Hakumalizia sehemu ya pili. Haikuhitajika.

"Anaendelea kusugua. Nimemsikia."

"Ataendelea. Kazini kwake kengele haijalia. Hawezi kupumzika wakati ubao unasema hayumo. Huyo mgeni naye hawezi kurudi kwake." Akazifunga ndara ndani ya mfuko, akamkabidhi. "Bamvua inayofuata, Koo likiwa tupu, ondoa kile kibao wewe mwenyewe, mkono uleule. Uende nacho mpaka mdomoni mwa pango useme ukweli kwa sauti. Ukweli mzima, usikate kipande. Lakini ujue unachokifanya. Ukikitoa, asubuhi ile unakuwa yatima."

"Na nisipokitoa?"

"Utakuwa na mama mpole." Mama Ndara akachukua sindano yake. "Wengi wangemchukua."

Usimcheke Msomi kwa kufikiria. Alifikiria siku sita. Kila jioni alirudi kwenye nyumba yenye mtu ndani, sauti ya kumwitikia, kiti kilichokaliwa. Kile kitu hakikumdhuru. Kilimwuliza kama amechoka. Siku moja alipokuja na homa kilikaa kando ya kitanda chake mpaka akalala, na mkono wake baridi juu ya paji la uso ulikuwa, jamani, mzuri. Alianza kuzoea kupanga sufuria chini ya kiti. Alianza kuziba masikio ile brashi ilipoanza, kwa, kwa, kwa, kila maji yalipokupwa, mchana na usiku, bila kupumzika hata siku moja, mama yake, mwenye goti bovu, ndani ya giza la jiwe, anakwangua utelezi ili miguu ya watu asiowajua isiteleze.

Asubuhi ya bamvua Msomi alivaa sare. Alipofika mlangoni, sauti ikamdaka mgongoni.

"We mtoto! Unakwenda wapi hujanywa hata chai? Digrii yako ndiyo itakushibisha?"

Ilikuwa sauti yenyewe, ule ukali wenyewe, ule mkwaruzo wa mwisho wa sentensi. Akageuka. Mama yake alikuwa amesimama, hakika amesimama, akapiga hatua moja na goti likalia, ko.

"Unaniangalia nini kama umeona polisi? Shingo hiyo! Umevaa nini hicho, umejiandaa kuzikwa? Rudi ndani. Rudi ndani ukae na mama yako."

Wiki mbili alikuwa na kiu ya kugombezwa. Akarudi hatua moja, mbili, tatu, mpaka akawa mbele yake kabisa, ananusa jiwe. "Mama," alisema. "Niambie tena."

"Shingo kama ya kuku aliyenyongwa!"

Kola ya Msomi ilikuwa imekunjika upande. Alisubiri. Alisimama pale ameinua kidevu kidogo, kama alivyosimama tangu darasa la kwanza, anasubiri, na ile mikono ilining'inia ubavuni, inadondosha matone sakafuni, haikuinuka.

Msomi akainyoosha kola mwenyewe.

"Usinitoe," kile kitu kikasema, na sasa hakikugomba. Kilikuwa kinalia, kama wenye mawe wanaweza kulia. "Huko ni baridi. Na mimi nimekuzoea, mwanangu."

"Najua," Msomi alisema. "Samahani." Akatoka, akafunga mlango taratibu, kama anayemwacha mgonjwa alale.

Langoni hapakuwa na mtu bado. Koo lilikuwa tupu, mlango wa mbao umeshushwa. Alikitoa kibao namba tatu kwenye msumari, kilikuwa kimelowa. Akashuka na zile ndara za kijani kwapani mpaka mdomoni mwa pango, akainama, na ile brashi ikanyamaza, kama mtu anapoacha kazi akisikia hatua za anayemjua.

"Mama yangu hajatoka," alisema. Sauti ilimkatika, akaianza upya. "Mama yangu hajatoka. Niliziona ndara zake. Nilizisukuma kwa mguu. Nilikuita mara moja tu, mama, na niliita kidogo, kwa sababu niliogopa kufukuzwa kazi. Kibao nilitundika mimi. Gurudumu alizungusha Meneja. Ilikuwa Jumanne, saa nne na nusu. Ulikuwa ndani. Tulikuwa tunajua kwamba hatujui."

Kitu baridi kilimpita mabegani kuingia ndani, bila upepo, kikinuka chai aliyoiacha mezani. Ndani kabisa ya Koo maji kidogo yakatoka yenyewe kwenye ufa, yakatambaa juu ya jiwe, yakaleta brashi mpaka kwenye vidole vya miguu yake. Kamba ya brashi ilikuwa imefungwa kwenye mkono wa mtu.

Walimtoa saa tano. Alikuwa mkavu. Usiniulize ilikuwaje; daktari naye hakuandika. Mkavu kutoka nywele hadi pindo, na ngumi yake ya kushoto ilikuwa imefumba kibao cha shaba kwa nguvu kiasi kwamba namba tatu ilikuwa imejichora kwenye kiganja. Msomi alimvalisha ndara. Akamnyooshea kola. Alifanya yote hayo kimya, na alipofika kwenye kifungo cha juu ndipo akaanza kumgombeza, kwa sauti, mbele ya watu wote: kwa nini hukupiga kelele, mama, mdomo wote ule, kwa nini siku ile moja hukupiga kelele? Mikono ikiendelea kumfunga kifungo.

Nyumbani alikuta gauni limelala kwenye kiti, tupu. Ukuta ulikuwa umekauka. Alama zake za penseli zilibaki, kama urefu wa mtoto anayepimwa.

Sasa ngoja nikwambie kilichoandikwa kwenye ripoti. Kampuni iliandika kwamba marehemu alionekana hai na majirani wasiopungua tisa, bombani na uani, kwa siku kumi na tatu baada ya Jumanne ile. Kwamba hakuwa kazini. Kwamba inaelekea aliingia bwawani bila ruhusa, nje ya saa za kazi. Na kwamba uongozi unatoa pole. Majirani waliulizwa wakasema kweli walimwona. Walimwona! Hata Msomi alimwona. Ndiyo uzuri wa jini, anakutolea ushahidi bure. Meneja alipandishwa cheo. Mkataba wa Msomi hauku-renew.

Na kwa kuwa wageni hawapendi kuona pengo kwenye picha, mtu alifungua ile droo, akatoa kibao kingine kipya namba tatu, akakitundika. Ubao umejaa. Arobaini.

Ndiyo maana juzi alasiri Msomi, ambaye siku hizi hana pa kwenda na anakaa nyumbani na cheti chake, alisikia maji yanadondoka uani siku isiyo na mvua. Taulo lilikuwa kwenye kamba. Kisha mlango wa uani ukagongwa kidogo, kwa adabu, na sauti ikasema, "Nifungulie, mwanangu. Wameniita tena."

Hakufungua. Amekaa chini, mgongo kwenye mlango, unyevu unampanda kwenye shati, na kile kitu upande wa pili kinalia kwa sababu hakikuomba kuja.

Basi Bwana Meneja, na ninyi wakurugenzi mliopiga makofi: kitoeni kile kibao. Uacheni ule msumari mtupu, uonekane kwenye kila picha. Andikeni Jumanne, andikeni saa nne na nusu, andikeni ni mkono wa nani ulizungusha gurudumu. Na kama hamtaki, pandeni hizo ngazi mia tatu na kitu, mje mpaka kwenye mlango huu mumfungulie wenyewe, maana anayegonga hapa si mama wa mtu. Ni mfanyakazi wenu wa arobaini.